Pumzi Moja Kabla ya Neno

Mvua ilikuwa imeing'ang'ania Tukuyu kwa muda mrefu, na punje za masikioni, vile vifaa vidogo vya kuwanong'oneza wazazi, zilikuwa zinazimika nyumba baada ya nyumba. Punje zilikula jua. Jua lisipotoka, zilisinzia. Subilaga, mshauri wa wazazi wa Mradi wa Darasa la Jikoni, alikuwa akizunguka na betri za akiba kwenye mkoba wa turubai, akipita kati ya migomba iliyolowa huku mabuti yake yakinasa kwenye tope. Nyumba ya Atuganile ilikuwa ya mwisho kwa siku hiyo, na aliiacha ya mwisho kwa makusudi, kwa sababu pale ndipo alipopenda kukaa.

Gwakisa, mtoto wa Atuganile, alikuwa na miaka mitano na alikuwa fahari ya mradi. Alisoma gazeti kwa sauti. Angeweza kukueleza kwa nini ukungu hulala bondeni asubuhi na kwa nini majani ya chai yakirundikwa hupata joto. Wakubwa kutoka Dodoma waliwahi kuletwa kumwona, wakakaa kwenye vigoda na suti zao, wakaondoka wakitikisa vichwa kwa mshangao.

Lakini siku hiyo Subilaga hakupokelewa na kelele zake. Alimkuta amekaa jikoni, mbele yake sahani ya ndizi na maharage iliyopoa mpaka mchuzi ukaota utando. Kichwa alikuwa amekiinamisha kwenye bega la kushoto, kama mtu anayesikiliza kitu nyuma ya ukuta.

Atuganile alieleza kwa sauti ya chini kwamba punje yake yeye mama ilizimika juzi, na tangu hapo mtoto haitiki. Masikio yake mazima, kwa maana ukiangusha kifuniko cha sufuria anageuka. Ila mama yake akimwita, hageuki. Akiambiwa ale, hali. Alikunywa maji tu, tena aliyojichotea mwenyewe kwenye mtungi.

Subilaga akachuchumaa mbele ya mtoto. Punje yake mwenyewe ilikuwa na nguvu, na mara ikamnong'oneza kwa ile sauti yake laini isiyo ya mwanamke wala ya mwanamume: *Muulize ndizi zinafanana na nini.* Naye akauliza kama alivyozoea.

Gwakisa akainua kichwa, uso ukafunguka.

"Zinafanana na nyusi za babu," akasema. Kisha akageuza macho polepole, akayaacha macho ya Subilaga, akayatua kwenye sikio lake. "Shikamoo," akaliambia sikio.



"Mwambie huyo wa ndani," mtoto akaendelea kwa adabu, "kwamba nilikuwa namsubiri."

Punje ikanong'ona tena: *Msifu kwa uvumilivu wake.* Subilaga hakumsifu. Alisimama, akabadilisha betri ya Atuganile, na muda si mrefu mama akamuuliza mwanawe swali kuhusu maharage, naye mtoto akaanza kula.

Walisimama mlangoni wakimtazama anavyotafuna. Atuganile alifuta macho kwa upindo wa khanga.

"Dada Subilaga, huyu nimemzaa mimi," akasema. "Ila nikiongea peke yangu, kwake ni kama mvua juu ya bati."

*

Punje zililetwa wilayani kabla Tumpe, binti wa Subilaga, hajazaliwa. Wataalamu waliposema kwamba akili ya mtoto hujengwa nyumbani kabla hajaliona darasa, hakuna aliyewabishia. Shida ilikuwa wazazi. Wengi walitoka shambani wamechoka, na wengi walilelewa kwa amri na fimbo, hawakujua mtoto mdogo huongeleshwaje. Basi mradi ukaleta kifaa cha ukubwa wa punje ya hindi, cha kuvaa sikioni. Kilisikiliza sauti ya mtoto, pumzi zake, na akikumbatiwa, hata mapigo ya moyo wake. Kililinganisha alichosikia na maneno ya watoto wengine maelfu kwa maelfu, kikachagua neno moja litakalomfungua mtoto huyu, saa hii. Kisha kikamnong'oneza mzazi, kwa Kiswahili au Kinyakyusa, kwa namna ileile mzazi mwenyewe anavyoongea. Mzazi akasema, mtoto akachanua.

Na kweli walichanua. Subilaga alikuwa amezigawa punje hizo kwa mkono wake kwenye nyumba nyingi kuliko alizoweza kuzikumbuka, na hakuwahi kujutia hata moja.

Kitu kimoja tu hakikuzungumzwa. Kati ya neno la mtoto na jibu la mzazi palibaki mwanya mdogo, chini ya pumzi moja, punje ilipokuwa inachagua. Mtu mzima hakuuona. Lakini mtoto aliyeanza kuongeleshwa hivyo tangu kwenye mbeleko hukulia ndani ya mwanya huo kama vile samaki anavyokulia majini. Hujifunza kwamba maneno yanayokuja baada ya ukimya ndiyo yake, ndiyo yanayomtosha. Yanayokuja moja kwa moja ni ya kuku, ya sufuria, ya majirani.

Subilaga aliwaza hayo njia nzima. Alipofika kwake alisimama dirishani bila kubisha. Ndani, mume wake Ambakisye alikuwa amekaa mkekani na Tumpe, wakipanga maharage kuwa herufi. Mtoto alisema jambo, akainamisha kichwa kwenye bega, akasubiri. Baba naye akanyamaza kidogo, macho yakiwa mbali, kisha akajibu. Mtoto akacheka. Akasema jingine, akainamisha kichwa tena. Mara nyingi Subilaga alikuwa ameyaona hayo na kuyaita mapenzi.

Baada ya chakula, Tumpe alipokuwa akicheza chumbani, Subilaga alimsimulia mumewe habari za Gwakisa, akamwambia anataka wazivue punje, japo kwa siku chache, waone.

Ambakisye alikuwa mpimaji kwenye kituo cha kukusanyia majani ya chai, mtu mkubwa wa mwili na mchache wa maneno. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema baba yake hakuwahi kumwambia neno lolote ambalo halikuwa amri, na yeye alipobebeshwa Tumpe mara ya kwanza alikaa naye kama mtu aliyekabidhiwa chombo cha kigeni.

"Nilikuwa sijui mtoto anachezewaje, mama Tumpe," akasema. "Punje ndiyo iliyonifanya baba. Ukinivua, nitabaki na nini cha kumwambia?"

Walikubaliana kwamba yeye Ambakisye ataendelea na yake, isipokuwa akiwa kwenye mizani, ambako wapimaji hawakuruhusiwa kuivaa. Subilaga atavua ya kwake kesho, siku moja tu.

*

Siku ile moja ilikuwa ndefu. Tangu asubuhi Tumpe hakumjibu. Alivaa alipovikwa, alikula alipowekewa kijiko mkononi, lakini maneno ya mama yake yalimpita kama upepo unavyoupita mti. Subilaga alimwimbia, alimsimulia hadithi ya sungura, akamtania. Mtoto aliinamisha kichwa kila mara, akangoja, halafu macho yakaenda kwingine. Ilipokaribia saa saba, akitaka sana kuwa mahali penye watu, Subilaga alimfungia mumewe chakula, akamshika mtoto mkono, wakashuka kituoni.

Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu. Wachumaji walikuwa wamejipanga na vikapu vyao chini ya paa la bati, na Ambakisye alikuwa juu ya jukwaa la mizani. Malori ya chai hayakuwa na madereva tena miaka hiyo. Yalijiendesha yenyewe kati ya vituo na kiwanda, yakiona kwa macho ya vioo yaliyopachikwa mbele na nyuma. Subilaga aliweka chakula kwenye meza ya karani, akageuka kukunja mwavuli. Aliporudisha macho, Tumpe hakuwa pembeni yake.

Alikuwa amevuka uwanja kwa upande wa pili na kusimama kwenye dimbwi, akitazama mafuta yanavyofanya rangi juu ya maji. Nyuma yake lori lilikuwa linarudi kinyumenyume. Macho ya nyuma ya lori yalikuwa yamezibwa na tope.

Subilaga alimpigia kelele atoke njiani. Ambakisye naye aliona, akapiga kelele, akaruka kutoka jukwaani lakini mguu ukanasa kwenye kamba za magunia akaanguka kifudifudi. Wachumaji wote wakapiga kelele. Kelele zilijaa uwanjani, na katikati yake Tumpe alisimama ametulia, kichwa kwenye bega, akisubiri.

Hapo ndipo Subilaga alipoelewa. Mtoto alikuwa anasikia kila kitu. Hakuna hata neno moja kati ya yale lililokuwa lake.

Alikuwa mbali mno kumfikia. Akafumba mdomo. Aliwanyooshea mkono wachumaji wanyamaze, na wao, kwa hofu ya uso wake, wakanyamaza. Lori liliendelea kurudi. Subilaga alishikilia ukimya ule kwa meno, urefu wake wote, asiuvunje kabla haujatimia, huku tairi likiingia kwenye ukingo wa dimbwi na maji yakianza kusogea kwenye miguu ya mwanawe. Miaka mingi baadaye alikuwa anasema kwamba kujifungua kulikuwa kwepesi kuliko kunyamaza kule. Kisha, kwa sauti ya chini na tulivu, sauti ya punje, ambayo haikuwahi kumwamuru mtoto bali kumuuliza, akasema:

"Tumpe, chura akitaka kwenda kwa mama anarukaje?"

Mtoto akatabasamu. Akachuchumaa, akaweka viganja chini, akaruka. Akaruka tena. Tairi likapita pale alipokuwa amesimama na kuendelea mpaka lilipogusa gati la kupakilia, likajizima lenyewe.

Mwanamke mmoja mwenye kikapu alianza kulia. Ambakisye alifika akichechemea, akakaa chini kwenye tope pale pale akamvuta mtoto kifuani, na mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufungika bila neno, kwa sababu punje yake ilikuwa ofisini kwenye droo.

Walipofika nyumbani Ambakisye alisema jambo ambalo lilimuuma Subilaga kwa muda mrefu. Alimuuliza kama bila punje miaka yote hiyo angelijua swali la chura.

"Bila punje," Subilaga akamjibu, "ningemwambia toka, na angetoka."

Wote wawili walikuwa wamesema kweli, na ukweli huo ulikaa kati yao kama mgeni asiyeaga.

*

Ofisi ya mradi ilikuwa katika jengo la zamani la ushirika wa kahawa, na msimamizi wake alikuwa Dokta Mwasomola, mtu mpole aliyeota mvi mapema. Subilaga alikwenda kumweleza yaliyotokea. Alimkuta ameshayajua. Alijua habari za dimbwi, za kamba za magunia, hata za chura. Subilaga alipomuuliza ameyajuaje ilhali yeye na mumewe hawakuwa na punje masikioni, daktari alisema kwamba wachumaji nane kati ya waliokuwepo walikuwa nazo, na punje hazikomi kusikiliza; zinachosikia hufika ofisini. Aliyasema hayo kama mtu anayekutajia hali ya hewa.

Kisha akamsifu. Alisema hakuna mzazi mwingine aliyewahi kuitambua ile pumzi kwa akili yake mwenyewe. Wao mradini waliiona tangu mwaka wa kwanza. Walijaribu kuifupisha wakashindwa, kwa kuwa haikuwa tatizo la kifaa. Punje ilichagua kwa kasi kuliko wazo. Aliyechelewa alikuwa mzazi, ambaye lazima asikie kwanza, aelewe, ndipo aseme.

Akafungua kasha dogo, akalisukuma mezani. Ndani, juu ya pamba, kulikuwa na vitu vidogo vyeusi kama mbegu za mchicha.

Alieleza kwamba hizo ziliitwa mbegu. Zinawekwa nyuma ya sikio la mtoto, chini ya ngozi, kwa sindano isiyouma. Mtoto ataongeleshwa bila mwanya wowote. Hatasubiri tena, hatakataa chakula betri ikiisha, hatasimama mbele ya lori. Mbegu hula joto la mwili, kwa hiyo haizimiki kamwe.

"Na mzazi?" Subilaga akauliza.

"Mzazi atapumzika," daktari akasema.

Nje, maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye paa. Subilaga alitaka kujua kitatokea nini kwa wasiotaka. Daktari hakumtisha. Alimweleza, kwa huzuni ambayo Subilaga aliiona kuwa ya kweli, kwamba katika wilaya ya jirani wazazi wa kijiji kimoja waliogopa, wakazivua punje zote kwa pamoja. Watoto wao walinyamaza. Wengine walirudi baada ya muda, wakiwa wamesahau nusu ya walichojua. Mmoja, msichana, hajaongea mpaka leo. Sheria ilikuwa haimlazimishi mtu. Lakini familia za Tukuyu hazitakubali mbegu kutoka kwa mtu wasiyemjua. Kutoka kwake Subilaga, aliyekaa jikoni kwao miaka yote hii, watakubali. Akamwomba aanze na Gwakisa.

Subilaga alilitazama kasha. Aliona wazi mambo mawili, na hakuna hata moja lililolificha jingine. Akikubali, watoto hawa hawatakuwa na haja ya sauti ya mama zao tena. Akikataa, huenda kuna mtoto atanyamaza maisha yake yote, na atakuwa amenyamazishwa na yeye.

Alisema hataweza kuzigawa. Daktari alifunga kasha bila hasira na kumwambia kwamba mkoba na kitambulisho aviache kwa karani.

*

Atuganile ndiye aliyekuja kwake, kabla hata habari hazijatulia. Hakukaa alipokaribishwa. Alisema watu wa mradi walikuwa wamepita, vijana wageni, wenye heshima, wakamwonesha ile mbegu, naye akawaambia hawezi kuamua mpaka amwone Subilaga.

"Wewe ndiye uliyeniletea punje," akasema. "Niambie kama dada yangu. Nimwekee mtoto, nisimwekee?"

Subilaga alimwambia yote aliyoyajua: msichana wa wilaya ya jirani, pumzi, lori, na ile kauli ya daktari kwamba mzazi atapumzika. Akamwambia Tumpe hatawekewa. Akamwambia pia kwamba hajui kama anafanya sawa.

Atuganile alisikiliza huku akikunja na kukunjua pindo la khanga.

"Wa kwako alikunyamazia siku moja ukiwa unajaribu," akasema hatimaye. "Wa kwangu alininyamazia akiwa na njaa. Sina moyo wa kuyaona yale tena." Akageuka, na Subilaga hakumfuata, kwa sababu hakuwa na cha kumpa badala yake.

Mbegu zilipandwa wilayani kote kabla chai ya msimu ule haijaisha.

Nyumbani kwao, Subilaga hakumwachisha Tumpe punje kwa ghafla. Alikuwa ameshaijua pumzi, akaamua kuitumia kama mtu anavyomshusha mtoto mgongoni polepole asishtuke. Alivua kifaa lakini akaubakiza ukimya. Tumpe akisema, mama alinyamaza urefu uleule, kisha akajibu la kwake. Mwanzoni mtoto alikunja uso, kama aliyeonja chumvi mahali pa sukari. Majibu ya mama yake hayakuwa yakimtosha kama yale ya zamani; mengine yalikuwa ya kijinga, mengine yalikosea. Lakini yalikuja baada ya ukimya, kwa hiyo akayapokea. Na siku hadi siku Subilaga aliupunguza ukimya ule, kidogo sana, kiasi ambacho yeye mwenyewe peke yake alikihisi.

Ilikuwa kazi ya kuvunja moyo. Tumpe alisahau herufi. Alisahau majina ya sayari na nyimbo zenye hesabu. Usemi wake ulipungua ukawa wa mtoto mdogo kuliko umri wake, na zilifika siku hakusema kabisa, akakaa mlangoni kichwa kwenye bega, na Subilaga alitoka akaenda kulia nyuma ya banda la kuni akimkumbuka yule msichana ambaye hajaongea mpaka leo. Mara mbili alikwenda mpaka kwenye lango la ofisi ya mradi. Mara zote mbili alirudi.

Ambakisye ndiye aliyeteseka zaidi, ingawa hakusema. Aliiweka punje yake kwenye kiganja, akaitazama, akaitia kwenye moto wa jikoni asije akaitamani. Baada ya hapo hakuwa na neno. Alikaa na binti yake mkekani wote wawili wakiwa kimya kama abiria wasiojuana. Siku moja, kwa kukosa la kufanya, alianza kufanya alichokijua: alichota maharage kwa kiganja kimoja, akachota kwa cha pili, akainua mikono yote miwili kama mizani, akaiacha itikisike mpaka mmoja ukashuka. Tumpe alitazama. Baba akaongeza maharage upande wa pili, mikono ikabadilishana. Mtoto akachukua harage moja, akalidondosha kwenye kiganja chepesi.

"Bado," akasema.

Hakuwa amesema neno siku mbili. Na alikuwa amelisema bila kuinamisha kichwa. Ambakisye hakuthubutu kumjibu. Aliendelea kushikilia mikono yake hewani, na mtoto akaendelea kudondosha harage mojamoja, mpaka maharage yalipokuwa yanamwagika mkekani na baba anacheka na machozi yanamchuruzika.

*

Jua lilirudi, na watoto wakaanza kukutana tena kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya zahanati. Kwa muda mrefu Subilaga hakumpeleka Tumpe. Alikuwa akisikia kwa majirani kwamba watoto wa mbegu ni wa ajabu kwa utulivu. Hawagombani, hawalii, hawaombi. Akina mama walilisema hilo kwa furaha, kisha wakatafuta kitu cha kushika mikononi. Atuganile alisema kwamba Gwakisa anakula vizuri sana siku hizi. Alisema pia kwamba hakumbuki ni lini mara ya mwisho mtoto alimwita mama.

Mwishowe Subilaga alikwenda na Tumpe, mchana mmoja mweupe, mlima Rungwe ukiwa wazi mpaka kileleni. Walisimama kwenye ukingo wa uwanja. Watoto walikuwa wengi, wameketi kwenye nyasi kwa mduara usio kamili, Gwakisa akiwa miongoni mwao. Hawakuwa na mpira wala kamba. Hakuna aliyekuwa anaongea. Mara wote wakacheka, kwa sauti moja, kana kwamba wamenong'onezwa neno moja, wakaacha kwa pamoja. Upepo ukapita kwenye nyasi. Wakacheka tena.

Tumpe aliwatazama kwa makini, mkono wake ndani ya mkono wa mama yake.

"Mama," akasema, "wale wanacheka nini?"

"Sijui," Subilaga akamjibu.

Lilitoka haraka, bila ukimya wowote mbele yake, na mara tu lilipotoka alitambua kwamba katika maisha yake yote mtoto huyu hakuwahi kuambiwa neno hilo. Punje haikuwa nalo. Tumpe akamwinulia uso, akamtazama muda mrefu, si sikio, bali macho, kama anayemwona mtu mpya amesimama pale mama yake alipokuwa.

"Basi tukawaulize," akasema.

Subilaga alitamani kugeuka warudi nyumbani, wafunge mlango. Lakini swali lilikuwa la mtoto mwenyewe, la kwanza lisilopewa na yeyote, na hakupata moyo wa kulizima. Akaushika ule mkono vizuri zaidi, wakaanza kuvuka nyasi. Walikuwa bado mbali, na hakuna aliyewaita wala kuwanyooshea kidole, vicheko vilipokatika vyote kwa mara moja, na watoto wote, mpaka wale waliowapa mgongo, wakageuka kuwatazama.